Mutoto anayelipuka mu kalasi: namna ya kumusaidia atulie na ajifunze

Kila mwaka masomo yanapoanza mu mwezi wa tisa, mu shule nyingi za kwetu kunakuwa mutoto mumoja ao wawili ambao Noeli haiwakute tena mu kalasi. Hakuna barua ya kuwafukuza. Mwalimu anamuita mama pembeni, anamuelezea kwa heshima kwamba mutoto anapiga wenzake, anatupa kaye, anatoka mbio, analia bila sababu, na kwamba ingekuwa vizuri apumuzike kwanza nyumbani. Ile "kwanza" inageuka mwaka, kisha miaka. Mutoto anabaki mu kiwanja, na jirani wanaanza kusema mambo.

Hapa tunaongea juu ya watoto hao. Kuko mwenye trisomi 21, mwenye otisme (jirani zetu wa Tanzania wanaiita usonji), mwenye kifafa, mwenye akili inayoenda polepole, mwenye kushindwa kuketi fasi moja hata dakika tano, na yule ambaye vita vilimuachia woga usiotoka. Hali zao hazifanane, na matunzo yao pia hayafanane. Lakini mu kalasi wanakutana na shida moja: kujitawala. Ni kusema, kusikia kwamba moto unapanda ndani, kuuzuia kidogo, kungojea, kuomba musaada, kisha kurudilia kazi. Mutoto asiye na njia ya kufanya hivyo, hata mwalimu akifundisha vizuri namna gani, somo linapita juu ya kichwa chake.

Breki inayokawia

Muangalie chukudu lililobeba magunia ya viazi likishuka kutoka Kibumba kuelekea Goma. Kijana anayeliongoza hana nguvu kupita ule uzito. Kinachomuokoa ni kujua mapema fasi ya kuanza kufunga breki. Akingojea mpaka mwendo umekuwa mukali, imeisha.

Mutoto yeyote mudogo anabeba muzigo mukubwa na breki ndogo. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi ya breki iko mbele, nyuma ya paji la uso, na inaendelea kukomaa mpaka mutu anapita miaka 20. Kwa watoto wengi wenye ulemavu wa akili, breki hiyo inakawia zaidi. Kwa wengine breki si mbaya sana, ni muzigo ndio unazidi: masikio yanapokea kila sauti kwa nguvu sawasawa, shati la uniforme linawasha ngozi kama upupu, harufu ya choo cha shule inaingia mpaka tumboni. Wewe na mimi tunasikia mwalimu. Yeye anasikia mwalimu, na pikipiki ya inje, na kiti kinachokwaruza, na mwenzake anayekohoa, vyote kwa mara moja.

Moto ukipita kipimo, mwili unafanya sawa vile umekutana na nyoka: moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, damu inaenda ku mikono na ku miguu ili mutu apigane ao akimbie. Wakati ule sehemu ya kufikiri inakuwa kama imezimwa. Maneno hayaingii. Kwa hiyo mwalimu anayepaza sauti "Tulia! Nimekuambia mara ngapi?" anamwaga petroli bila kujua, maana sauti kali ni alama nyingine ya hatari.

Wamama wanajua dawa yake tangu zamani. Hakuna mama anayemuamuru mutoto wa miezi mitatu atulie. Anamufunga kitenge mugongoni, anatembea, anaimba polepole, na mutoto anaazima utulivu wa mwili wa mama yake. Miaka inapita, mutoto anajifunza kidogo kidogo kujituliza mwenyewe, lakini mwanzo wake ni kuazima. Mutoto mwenye ulemavu anaweza kuwa na miaka 10 na bado anahitaji kuazima utulivu wa mukubwa. Si malezi mabaya. Ni hatua ambayo bado hajaimaliza, na tunaweza kumusaidia kuipita.

Kwanza mwili

Mbele ya kusema mutoto ana kichwa kigumu, tuangalie kama anasikia. Masikio yanayotoka usaha ni ugonjwa wa kawaida kwa watoto wetu, na wazazi wengi wanauzoea, wanaweka pamba, basi. Usaha wa kila mara unaweza kupunguza usikizi. Mutoto asiyesikia vizuri anaonekana kama hatii. Simama nyuma yake asikuone mudomo, umuite kwa sauti ya kawaida. Rudilia mara kadhaa, siku mbalimbali. Kwa macho, muulize anasoma nini ku tablo akiwa nyuma, kisha umusogeze mbele.

Kuko pia kifafa kisichoangusha mutu. Mutoto anakata maneno katikati, anatazama fasi moja sekunde chache, kisha anaendelea bila kujua kwamba kuna kitu kilipita. Mwalimu anaandika "anaota ota". Ikifanyika mara nyingi kwa siku, mutoto anapoteza vipande vya somo na hawezi kufuata tena; anachoka, anakasirika. Ni wa kupeleka ku kituo cha afya. Na kwa wale ambao tayari wanakunywa dawa: fenobarbitali, ile wengi wanaijua kwa jina Gardénal, inaweza kufanya watoto fulani wawe na fujo ao hasira. Muzazi akiona vile, amuambie munganga. Lakini asiikate dawa mwenyewe, maana kuikata gafula kunaweza kuleta kifafa kikali kinachohatarisha maisha.

Malaria iliyopanda ku kichwa na meninjite zinaweza kuacha alama mu akili na mu uangalifu wa mutoto hata kisha kupona. Kama mutoto alikuwa anasoma vizuri na akabadilika kisha ugonjwa mukali, mwalimu anapaswa kujua hiyo historia. Na tusisahau njaa. Mutoto aliyelala na chai tupu na akatembea saa nzima kuja ku masomo, saa ine za asubuhi breki zake zimeisha. Hilo haliponywe na ushauri wowote.

Kaye moja ya kuandika

Chombo cha nguvu kupita vyote ni kaye ya kurasa 32 na bike. Kila mara mutoto anapolipuka, mwalimu anaandika mambo matatu: nini kilikuwa kinafanyika mbele tu, mutoto alifanya nini, na kisha ikawa nini. Pamoja na saa. Bila kuandika "ana roho mbaya" ao "alinizarau", kwani hayo ni mawazo yetu, hayaonekane kwa macho. Wiki mbili zinatosha kuona njia.

Tuseme kaye inaonyesha kwamba mutoto fulani wa mwaka wa tatu anatupa vitu karibu kila siku kisha saa tatu, na kila mara ni wakati mwalimu anaacha Kiswahili na kuingia mu Kifaransa. Basi tumepata mulango. Hasumbue juu ya kusumbua. Anapotea, anaona haya, na kutupa kaye kunamutoa mu haya. Na kama safu ya tatu ya kaye inaonyesha kwamba kila akitupa anatumwa inje, amejifunza kwamba kutupa kunamaliza shida. Azabu yetu imekuwa zawadi yake. Hapo mutu hawezi tena kusema ni pepo. Sheria ya mufumo wa elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inatambua lugha za taifa, Kiswahili kati yao, kama lugha za kufundishia. Mwalimu anayemuelezea mutoto huyo calcul kwa Kiswahili hatoki mu sheria.

Kwa mwengine kaye itaonyesha kelele za rekreasio, kwa mwengine siku ya mvua, kwa mwengine mwalimu mugeni. Kila mutoto na mulima wake wa kushuka.

Siku yenye kujulikana

Kati ya mambo yote ambayo shule inaweza kufanya, mimi ningeanza na hili, kwa sababu linasaidia hata wale wasio na shida yoyote: kuonyesha mupango wa siku. Ku pembe ya tablo, asubuhi, mwalimu anachora picha ndogo zinazofuatana: kitabu kwa kusoma, namba kwa calcul, mupira kwa rekreasio, kalamu kwa kuandika, nyumba kwa kurudi. Somo likiisha, anafuta picha yake ao mutoto mwenyewe anakuja kuikata kwa chaki. Tangu miaka ya 1960 na 1970, huko Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, Eric Schopler na wenzake walijenga njia nzima ya kufundisha watoto wenye otisme juu ya wazo hili: kinachoonekana kinabaki, neno lililosemwa linapotea ku hewa. Mutoto ambaye hajui nini kinakuja anaishi saa zote akiwa na wasiwasi. Akijua, nguvu aliyokuwa anaitumia kuogopa inaenda ku masomo.

Kubadilisha kazi gafula ni fasi ya hatari. Mwalimu atangulie kumuonya: "Bado hesabu mbili, kisha tunafunga kaye." Kama mupango unabadilika, kwa mufano inspekta amekuja ao mwalimu hayuko, amuambie mapema na kumuonyesha ku tablo. Ni sekunde 10 tu. Zinaokoa nusu saa.

Fasi ya kuketi pia ni dawa. Karibu na mwalimu, mbali na mulango na dirisha la barabarani, ukuta ukiwa nyuma yake kama ni mutu wa kushituka. Mutoto mwenye woga wa vita, yeye kinyume, mara nyingi anapenda kuona mulango. Asipouona anageuka geuka muda wote. Mumuulize. Na mvua ikianguka ku mabati, wote tunajua, hakuna anayesikia chochote. Badala ya kupiga kelele juu ya mvua, mwalimu awape kazi ya kuchora ao kunakili, na mutoto mwenye masikio makali azibe masikio yake bila kuchekwa.

Kuna wale wanaotikisa mwili, wanaopiga piga vidole, wanaozungusha kizibo cha chupa mu mukono. Walimu wengi wanafikiri kazi ya kwanza ni kuzuia hayo. Hapana. Ikiwa hamuumize wala hasumbue wengine, umuachilie. Mara nyingi ndiyo breki yake, ile aliyojitengenezea mwenyewe. Ukimunyanganya, atatafuta ingine, na inaweza kuwa meno.

Kubeba, kupuliza, kutoka kidogo

Watoto wengi wanatulia wanapofanya kazi yenye uzito: kusukuma, kuvuta, kubeba. Mbele ya somo gumu, umutume alete bidoni ya maji ya litre tano, apanguse tablo lote, abebe kaye za kalasi mpaka ku meza, ao asukume ukuta kwa mikono miwili na kuhesabu mpaka kumi. Wenzake wataona ni mutu wa kutumainiwa, kitu ambacho hajazoea. Lakini wakati wake ni mbele ya moto kuwaka. Akitumwa kila mara kisha kulipuka, tutakuwa tumerudia lile kosa la zawadi.

Pumzi ni breki ingine, na hii haina beyi. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kupita ya kuingia, moyo unapunguza mwendo. Mutoto haelewi maneno hayo, lakini anaelewa uji wa moto. "Puliza uji wako": anakunja mikono kama kikombe, ananusa, kisha anapuliza polepole ili usimuunguze. Mufanye hivyo kalasi nzima, kila asubuhi na kisha rekreasio, wakati wote wametulia. Hakuna mutu anayejifunza kuogelea siku mutumbwi umezama. Mutoto ambaye hajawahi kupuliza uji akiwa mu amani hatapuliza akiwa mu hasira.

Kisha kuko kipande cha kartoni chekundu. Mutoto asiye na maneno, ao ambaye maneno yanamukimbia akikasirika, anapewa kartoni hiyo na anafundishwa maana yake: "Ninahitaji kutoka kidogo." Akiinyanyua, mwalimu anakubali kwa kichwa, na mutoto anaenda ku kona yenye mukeka, nyuma ya kalasi ao chini ya dirisha, anakaa dakika tatu ine, anarudi. Ile kona isiwe fasi ya azabu hata siku moja. Ukiitumia mara moja kumuazibu, umeiua. Na anaporudi, anakuta kazi ile ile, lakini iliyopunguzwa: badala ya hesabu kumi, tatu.

Siku za kwanza atanyanyua kartoni mara nyingi, na walimu watasema anacheza nasi. Pengine. Muvumilie. Mbele ya kartoni alikuwa anaomba kwa ngumi, sasa anaomba kwa kartoni, na hiyo tayari ni masomo. Akiendelea kutoka kila dakika kumi, shida iko ku kazi: ni ngumu sana ao ndefu sana. Upunguze kazi, uache kartoni.

Kupatia moto jina

Mutoto hawezi kufunga breki kwa kitu asichokiona kinakuja. Ndiyo maana tunamufundisha majina. Mu mwaka wa 2011, Mumarekani Leah Kuypers, ambaye alikuwa anafanya kazi na watoto mu shule, alitoa kitabu kinachopanga hali za mwili mu rangi ine: bluu kwa kuchoka na huzuni, kijani kwa kutulia, njano kwa kuanza kupanda, nyekundu kwa kulipuka. Shule nyingi za dunia zinatumia rangi hizo. Kwetu hakuna haja ya kununua kitu. Mbabula iko mu kila nyumba. Makala ya baridi: nimechoka, sina nguvu. Makala yanayowaka vizuri: chakula kinaiva, ninaweza kujifunza. Makala yanayorusha cheche: kuko kitu kinanisumbua. Moto unaolamba sufuria: nimeshindwa.

Mwalimu anachora mbabula ine ku kartoni na kuzitundika ukutani. Anaanza na yeye mwenyewe: "Leo nimelala vibaya, makala yangu yanarusha cheche kidogo, nitapuliza uji." Watoto watacheka, na watajifunza. Mutoto asiyesema anaonyesha kwa kidole. Hakuna mbabula ya zambi. Hata ile ya mwisho si kosa, kosa linaweza kuwa lile mutoto alilofanya na mikono.

Na kazi yenyewe ikatwe vipande. Agizo moja kwa mara moja: "Fungua kaye." Ungojee. "Andika tarehe." Ungojee tena, watoto wengi wanahitaji sekunde kadhaa ili neno lifike, na sisi tunarudilia mbele halijafika, tunachanganya. Calcul ifanywe na vizibo vya chupa ao mbegu za maharagi, herufi ziandikwe na kidole mu muchanga. Maria Montessori, munganga wa Italia, alianzia kwa watoto wenye ulemavu wa akili na vitu vya kugusa vya namna hiyo, mbele ya kufungua nyumba yake ya watoto huko Roma mu 1907. Leo wazazi wenye feza mu miji mikubwa wanalipa pesa nyingi kwa masomo yenye jina lake. Muchanga wa kwetu ni bure.

Siku breki zimekatika

Itafika. Siku hiyo, maneno machache, sauti ya chini. Uwatoe wenzake karibu, uondoe vitu vya kuumiza, usimame pembeni na si mbele ya uso wake. Usimushike, isipokuwa anataka kujiumiza ao kuumiza mwengine. Usimuulize "juu ya nini?" Hajui, na swali linaongeza mzigo. Ungojee. Kisha moto kuzima, mwili unachoka sana: maji ya kunywa, dakika chache. Ni hapo tu, akiwa ametulia kabisa, mnaokota kaye pamoja, anamuomba radhi aliyempiga, na mnatazama mbabula: cheche zilianza wapi?

Wengine watauliza: na fimbo? Mutoto aliyepigwa ananyamaza, ni kweli. Lakini kunyamaza kwa woga na kutulia ni vitu viwili. Ndani, moyo wake bado unakimbia, ubongo bado unaangalia nyoka, na tumeona kwamba katika hali hiyo somo haliingii. Tena mutoto mwenye ulemavu wa akili mara nyingi haunganishe fimbo na kosa. Anaiunganisha na mwalimu, na na shule.

Juu ya uchawi tuseme wazi. Mutoto anayepiga kelele usiku, anayeanguka kifafa, anayesema peke yake, mu mitaa yetu anafikishwa haraka mu vyumba vya maombi, na wengine wanafungwa, wananyimwa chakula. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kumulinda mutoto inaazibu mutu anayemushitaki mutoto kwamba ni muchawi. Kuomba hakukatazwe. Kumufunga mutoto na kumunyima dawa si maombi.

Mwalimu mumoja, watoto themanini

Tangu masomo ya primeri yalipofanywa ya bure mu mwaka wa masomo 2019-2020, kufatana na kifungu cha 43 cha Katiba, kalasi zimejaa. Ni jambo jema lililokuja bila viti vya kutosha na bila walimu wa kutosha. Kumuambia mwalimu mwenye watoto themanini, ambaye musahara wake unakawia, afanye yote tuliyoandika hapa, ni kumutania. Achague kitu kimoja. Mimi ningesema mupango wa siku ku tablo, maana haumuombe kitu mbali na chaki. Kikishika mizizi, aongeze kartoni.

Wanafunzi wenzake ni nguvu ambayo hatuitumie. Mwenzake wa kiti anaweza kumuonyesha ukurasa, kumukumbusha kartoni. Muwabadilishe kila wiki, isiwe muzigo wa mutoto mumoja tu, zaidi ya yote isiwe kila mara musichana. Na direkta achague mutu mumoja, hata mulinzi wa mulango kama ana roho ya utulivu, ambaye mutoto anaweza kumuendea mwalimu anapokuwa peke yake na kalasi nzima.

Kwa watoto waliokimbia vita, mulango unaofungwa kwa nguvu unatosha. Wengi wao walibadilisha shule mara mbili, tatu, wengine walisomea chini ya hema. Usimulazimishe mutoto asimulie aliyoyaona. Umupatie siku inayofanana na siku ya jana. Kwake yeye hiyo ni dawa kubwa kupita maneno.

Nyumbani, maneno yawe yale yale. Kama shule inasema "puliza uji", mama aseme "puliza uji", na yaya zake pia, na tate anayebaki naye muchana. Mutoto ambaye kila mukubwa anamutuliza kwa njia yake hana njia hata moja. Usingizi pia: telefone yenye video mpaka saa ine za usiku inakula breki za kesho yake.

Haki, na karatasi moja

Sheria iko upande wa muzazi. Ile ya 2014 inatambua elimu ya pekee kwa watoto wenye ulemavu. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wanaoishi na ulemavu imekuja kuongeza nguvu. Muzazi anaweza kumuambia direkta hivyo, kwa heshima, akiwa pamoja na komite ya wazazi. Vituo vya pekee viko vichache, na karibu vyote viko mu miji: Heri Kwetu kule Bukavu na Shirika la Umoja kule Goma vinajulikana na wengi. Kwa mutoto wa Walikale, wa Fizi ao wa Mambasa, shule ya kijiji ndiyo kituo chake. Haina munganga wa pekee, lakini inaweza kuwa na mupango ku tablo.

Kabla ya mutihani wa mwisho wa primeri, muzazi na direkta waanze mapema kuomba kwamba mutoto aketi mu chumba chenye watu wachache, asomewe maulizo ikihitajika. Wasingojee siku yenyewe.

Na mwezi wa saba unapofika, kazi ya mwaka muzima inaweza kupotea mu siku moja, mutoto anapopita kwa mwalimu mupya asiyejua chochote. Mwalimu wa zamani aandike ukurasa mumoja, nakala moja kwa muzazi, moja kwa direkta. Kwa mufano: anasikia vizuri ku sikio la kuume tu. Anaogopa mvua ku mabati. Umuonye mbele ya kubadilisha kazi. Kartoni nyekundu iko mu kaye yake ya calcul. Anapenda kubeba maji. Mu mwezi wa tisa alikuwa anaketi dakika ine. Leo, kumi na tano.